Siku ya Kukata Zabibu

Siku hizi zabibu zimefika mpaka kwetu Kinyerezi. Utaziona kituoni, kwenye meza za wachuuzi, kando ya ndizi na matango. Nyingine ni nyeusi, nyingine ni za kijani. Nyingi zimetoka Dodoma, safari ya kilomita 450 hivi. Nyingine zimetoka mbali zaidi, Afrika Kusini, zikiwa zimehifadhiwa kwenye baridi. Zamani tuliliona tunda hili kuwa la wenye fedha, au la kumpelekea mgonjwa hospitali. Leo hata mama anayeuza vitumbua hununua robo kilo akampelekea mwanawe.

Mnunuzi akifika mezani huuliza swali moja: "Bei gani?" Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi. Nataka tujifunze kuuliza swali la pili: "Je, zilikatwa zikiwa zimeiva?" Ukilipuuza swali hilo, unaweza kulipa fedha nyingi ukapata maji na ukali tu.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kusimamia madarasa ya kisomo hapa Kinyerezi na mitaa ya jirani. Lakini nilizaliwa Hombolo, katika mkoa wa Dodoma, kwenye nyumba iliyokula, kuvaa na kusoma kwa fedha za zabibu. Basi haya nitakayokueleza, mengine nimeyasoma vitabuni, na mengine nimeyaona kwa macho yangu shambani.

Changa, pevu na mbivu

Lugha yetu ina maneno matatu mazuri juu ya matunda. Tunda changa ni lile ambalo bado linakua. Tunda pevu ni lile lililokomaa, lakini bado ni gumu. Tunda bivu ni lile lililolainika, likawa tamu, tayari kwa kuliwa.

Wewe unayajua hayo kwa maembe. Hapa Kinyerezi bado kuna miembe kwenye viwanja vya watu. Ukichuma embe pevu, ukaliweka ndani ya gunia, baada ya siku chache litaiva. Ndizi hufanya hivyo. Papai, parachichi na nyanya pia. Matunda haya huweza kuiva nyumbani, mbali na mti wake.

Watu wengi hudhani kwamba zabibu nazo ni hivyo hivyo. Wanasema, "Hizi ni kali kidogo, lakini nikizifunika mpaka keshokutwa zitakuwa tamu." Sivyo. Zabibu haiivi ikishakatwa. Ikikatwa kali, itabaki kali mpaka ioze. Chungwa, limau, nanasi na tikiti maji ni wa kundi hilo hilo la zabibu.

Kwa nini kuna tofauti hii? Ndizi pevu ina akiba ya wanga ndani yake. Ikishakatwa, wanga ule hugeuka kuwa sukari. Ndiyo maana ndizi mbichi hupikwa kama viazi, na ndizi mbivu huliwa kama tunda. Zabibu haina akiba hiyo. Sukari yake hutengenezwa na majani ya mzabibu kwa nguvu ya jua. Kisha husafiri kupitia kwenye kikonyo, siku baada ya siku, mpaka ndani ya punje.

Kwa hiyo, kukata kikonyo ni sawa na kufunga bomba la maji. Ndoo ikiwa imejaa nusu, itabaki nusu. Zabibu iliyokaa siku nyingi inaweza kunywea, maji yake yakapungua. Huko si kuiva. Huko ni kunyauka.

Yanayotokea ndani ya punje

Hebu tuifuate punje moja ya zabibu tangu mwanzo.

Maua yakishaanguka, punje huanza ikiwa ndogo, ya kijani na ngumu kama kunde mbichi. Hukua upesi kwa wiki kadhaa. Wakati huo imejaa ukali. Ukiing'ata, meno yanakufa ganzi. Mbegu zake ni za kijani, na ganda lake lina ukakasi kama ndizi mbichi.

Kisha punje hutulia kwa muda, kana kwamba imesimama kukua. Mkulima mgeni huanza kuwa na wasiwasi. Mkulima mzoefu hungoja.

Baadaye huja siku za mabadiliko. Punje hulainika. Zabibu nyeusi huanza kuwa na wekundu, kisha zambarau, kisha weusi. Zabibu za kijani huanza kung'aa na kuwa na rangi ya manjano kidogo. Tangu hapo sukari huingia kwa wingi na ukali hupungua. Mbegu hubadilika kuwa za kahawia. Harufu nzuri hutokea.

Wengi hukosea hapa. Wanaona rangi imebadilika, wanasema zabibu zimeiva. Kumbe rangi ni mwanzo tu wa kuiva. Baada ya rangi kuanza, bado zinahitajika wiki kadhaa juani. Zabibu inaweza kuwa nyeusi kwa nje na bado ikawa kali ndani.

Sasa tupige hesabu ndogo. Chukua gramu 100 za maji ya zabibu. Zabibu iliyokatwa mapema inaweza kuwa na gramu 12 za sukari ndani yake. Ile ile ikiachwa mpaka iive inaweza kufika gramu 18 au zaidi. Tofauti ni gramu 6, yaani nusu ya zile 12. Mchuuzi amekupimia kilo moja katika siku zote mbili. Bei inaweza kuwa ile ile. Lakini chakula ulichobeba si kile kile.

Tena si sukari tu. Rangi nyeusi ya zabibu iko kwenye ganda, nayo huongezeka tunda linapoiva. Wataalamu wa lishe huhesabu rangi hiyo kuwa miongoni mwa vitu vyema vya tunda, pamoja na nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo. Ndiyo maana hatumenyi zabibu. Anayekula zabibu isiyoiva hukosa utamu, na pia hukosa sehemu ya rangi hiyo.

Shamba la baba na mawingu ya Machi

Unaweza kuuliza, "Kama zabibu haiivi ikishakatwa, kwa nini mkulima asingoje?" Nitakujibu kwa habari ya nyumbani kwetu.

Huko Ulaya baridi kali huulaza mzabibu, nao huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Mkulima ndiye anayeuamsha mzabibu kwa kuupogoa, yaani kuyapunguza matawi yake. Kwa hiyo hupata mavuno mara mbili. Mavuno ya kwanza huwa Februari na Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha. Mavuno ya pili huwa Agosti na Septemba, wakati wa kiangazi.

Zabibu za kiangazi kwa kawaida ni bora. Jua linatosha, usiku una ubaridi unaosaidia rangi, na mvua hakuna. Lakini zabibu za Machi huiva katikati ya maji. Mvua ikizidi, mizizi hunywa sana, punje hujaa maji na kupasuka. Ukungu huingia. Ndege na nyuki nao hawachelewi.

Mwaka 2012 nilichaguliwa kwenda chuo kusomea cheti. Ada ilitakiwa mwisho wa mwezi wa Machi. Baba alikuwa na shamba la nusu ekari, na zabibu zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Mnunuzi akaja na lori. Alilipa kwa kilo, wala hakuonja hata punje moja.

"Nikiondoka leo, sijui kama nitarudi," alisema.

Baba akachuma punje ya chini kabisa ya kichala, akaing'ata. Akakunja uso. "Hizi bado," alisema. "Mvumilivu hula mbivu."

Mama akatazama mawingu. "Sawa baba, lakini ngoja ngoja nayo huumiza matumbo. Mtoto anatakiwa chuoni. Mvua ikiziharibu, tutamlipia ada kwa majani?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe baba aligawa shamba. Mistari ya upande wa juu, iliyotangulia kuiva, aliikata akampa mwenye lori kwa bei yake ndogo. Mistari iliyobaki aliiacha. Akatuita sisi watoto tuondoe majani yaliyovifunika vichala, ili upepo na jua vipite.

Siku ya nne mvua ilinyesha usiku kucha. Siku ya sita ikanyesha tena. Punje nyingine zilipasuka. Kila asubuhi tulipita na mikasi, tukiondoa zilizoanza kuoza ili zisiambukize nyingine. Siku ya kumi baba aling'ata tena punje ya chini ya kichala. Safari hii hakukunja uso.

Katika vile vichala tulivyoviacha, tulipoteza kama robo. Vilivyosalia vilinunuliwa na watu wa kukamua maji ya zabibu, kwa bei nzuri kuliko ile ya lori. Hesabu ilipofungwa, ada ilipungua kidogo. Baba alikwenda kukopa kwa ndugu yake. Niliripoti chuoni wiki mbili baada ya wenzangu, na ilinibidi kunakili madaftari yao usiku.

Mama husema kwamba tungeuza zote siku ile, ningewahi. Baba husema kwamba tungeuza zote siku ile, hata nusu ya ada isingepatikana. Mpaka leo hawajakubaliana. Mimi naona kila mmoja alikuwa na haki. Mama alikuwa akihesabu mvua, na baba alikuwa akihesabu utamu. Siku nzuri ya kukata iko katikati ya hesabu hizo mbili. Ukiwahi, unauza ukali. Ukichelewa, unauza uozo.

Kilo haionyeshi utamu

Katika habari hiyo kuna jambo moja la kufikiri. Mwenye lori alilipa kwa kilo. Mizani haina ulimi. Zabibu kali na zabibu tamu huonyesha uzito ule ule. Basi mkulima anayelipwa kwa kilo tu anajifunza nini? Anajifunza kukata mapema. Mwingine hujifunza kumwagilia maji mengi siku za mwisho ili punje ziwe nzito. Huyo anauza maji kwa bei ya zabibu.

Kuna njia nyingine. Viko vipimo vidogo vya utamu, vinavyoshikwa mkononi kama darubini ndogo. Mpimaji hudondosha tone la maji ya zabibu kwenye kioo, hutazama kwenye mwanga, na kusoma namba. Namba 18 maana yake ni kwamba katika kila gramu 100 za maji yale, kuna sukari gramu 18 hivi. Zabibu za kula huhesabiwa kuwa tamu zikifika 16 hivi au zaidi. Wanaotengeneza mvinyo hutaka zifike 20 au zaidi.

Kikundi cha wakulima kinaweza kununua kipimo kimoja na kukitumia pamoja. Huko Makutupora, karibu na mji wa Dodoma, kipo kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulika na zabibu. Mkulima anaweza kupata ushauri huko, au kwa bwana shamba na bibi shamba wa kata yake. Mkulima mwenye namba mkononi hujadili bei kwa hoja. Asiye na namba hubaki kusihi.

Rangi nyekundu na damu ya mtoto

Sasa turudi Kinyerezi. Katika darasa letu yupo mama mmoja anayeuza vitumbua. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa mnyonge. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na alichoka upesi. Jirani alimwambia, "Mpe zabibu nyekundu, zinaongeza damu." Basi kila Jumamosi mama yule alitoa sehemu ya faida yake akanunua zabibu. Alizinunua zile za bei rahisi, kali, zilizokatwa kabla ya wakati. Mtoto alizitema. Mama akamlazimisha, maana aliamini ni dawa.

Aliniuliza darasani, "Mwalimu, nimfunike macho ndipo ale?"

Lilikuwa swali zito, na wenzake wote walinyamaza kusikiliza. Nilimjibu, "Mama, mwanao si mkaidi. Ulimi wake umesema kweli. Zabibu hizi hazijaiva. Tena hata zingeiva, zisingemwongezea damu kwa kiasi anachohitaji. Kesho asubuhi mpeleke zahanati."

Ndugu msomaji, jambo hili nataka ulishike. Rangi nyekundu ya chakula si damu. Damu yetu inahitaji madini ya chuma. Gramu 100 za zabibu za kichala zina chuma chini ya nusu miligramu. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina miligramu 2 hivi, yaani zaidi ya mara nne. Maini, nyama na dagaa vina chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi zaidi. Mboga za majani nazo husaidia.

Ukila maharage au mchicha, kula pamoja na tunda lenye vitamini C, kwa sababu vitamini hiyo husaidia mwili kuchukua chuma. Tunda hilo si lazima liwe zabibu. Zabibu ina vitamini C kidogo tu. Chungwa linaishinda mbali. Na pera, lile linaloanguka bure uani kwetu Kinyerezi, linalishinda chungwa kama mara nne. Chai ya majani iache mpaka baadaye, kwa sababu huzuia chuma.

Mama yule alikwenda zahanati. Mtoto alipimwa, akakutwa na minyoo na upungufu wa damu. Alipewa dawa ya minyoo na dawa ya kuongeza damu. Mama alielezwa namna ya kumlisha. Baada ya miezi michache nilimwona mtoto akikimbiza tairi njiani. Sikumtambua mpaka mama yake aliponiita.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadili chakula cha nyumbani kwao. Kazi ile haijaisha. Bado fedha ya maskini inapotea kwa kununua rangi badala ya chakula.

Je, nasema zabibu ni mbaya? La, hasha. Zabibu iliyoiva ni tunda zuri. Inatia nguvu, ina maji, na inamfaa mtu aliyechoka. Lakini ni tunda, si dawa. Siku ya kukata inaweza kuipa utamu na rangi. Haiwezi kuipa kitu ambacho mzabibu wenyewe hauna.

Kuna tahadhari mbili zaidi. Ya kwanza, zabibu iliyoiva ina sukari nyingi. Mwenye ugonjwa wa kisukari aulize mganga wake ale kiasi gani. Ya pili, usimpe mtoto mdogo wa chini ya miaka mitano zabibu nzima. Punje ni duara na inateleza. Inaweza kumkaba koo na kumwua. Ondoa mbegu, kisha ikate vipande vinne kwa urefu.

Kibandiko na daftari

Mzabibu hushambuliwa na ukungu, kwa hiyo wakulima hupiga dawa. Kila dawa ina kibandiko kwenye chupa au pakiti yake. Pale huandikwa idadi ya siku za kungoja, tangu kupiga dawa mpaka kuvuna. Siku hizo zikiwa bado hazijaisha, zabibu zisikatwe, hata kama ni tamu, hata kama lori limefika.

Nikiwa mtoto nilimwona jirani yetu, mtu mzima mwenye heshima zake, akiileta chupa ya dawa kwa baba. Aliificha ndani ya koti. Alisema, "Nisaidie, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri." Macho yake yalikuwa mazima. Alikuwa hajui kusoma. Siku ile nilielewa kwamba kutojua kusoma kunaweza kuingia mpaka kwenye chakula cha watu wengine. Anayekula zabibu hizo yuko Dar es Salaam, hamjui mkulima, lakini afya yake iko kwenye kibandiko kile.

Wewe leo unaweza kukisoma. Basi kisome. Na ukiwa na shamba au bustani, nunua daftari. Andika siku ulipopogoa, siku maua yalipotoka, siku ulipopiga dawa na jina la dawa hiyo, na siku ulipokata. Mwaka wa pili daftari lile litakuwa mshauri wako. Usiitegemee kumbukumbu peke yake. Kumbukumbu husinzia, maandishi hayasinzii.

Siku ya kukata ikifika, anza asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kata kikonyo kwa mkasi, usivute kwa mkono. Panga vichala kwenye kreti zisizo na kina kirefu, ili vya juu visivivunje vya chini. Viweke kivulini. Usivioshe kabla ya safari, maana maji huleta uozo. Ule ungaunga mweupe juu ya punje ni nta ya asili, nao huilinda zabibu isikauke.

Mezani kwa mchuuzi

Sasa wewe mnunuzi, utajuaje kama zabibu zilikatwa kwa wakati wake?

Kwanza, tazama rangi. Zabibu nyeusi iwe nyeusi mpaka kwenye kikonyo, isiwe na doa la kijani. Zabibu ya kijani iwe inaelekea manjano.

Pili, omba kuonja, ukaioshe kwanza kwa maji safi. Onja punje ya chini, kwenye ncha ya kichala, kwa sababu hiyo kwa kawaida huchelewa kuiva. Ikiwa hiyo ni tamu, zilizo juu yake ni tamu pia.

Tatu, tazama mbegu kama ipo. Mbegu ya kahawia ni dalili ya kuiva. Mbegu ya kijani ni dalili ya haraka.

Nne, tazama kikonyo. Kikonyo kibichi maana yake zilikatwa karibuni. Kikonyo kikavu maana yake zimekaa siku nyingi. Lakini angalia, kikonyo hakikwambii kama zilikuwa zimeiva. Kinakwambia habari ya safari, si habari ya shamba. Ulimi na mbegu ndizo zinazokwambia habari ya shamba.

Ukikuta ni kali, usinunue kwa matumaini ya kuziivisha nyumbani. Mwambie mchuuzi kwa adabu, "Ndugu yangu, hizi hazijaiva. Ukileta zilizoiva nitanunua." Mchuuzi akiambiwa hivyo na watu kumi, naye atamwambia mwenye lori. Mwenye lori akiambiwa hivyo na wachuuzi kumi, huenda siku moja ataonja kabla ya kupima. Hapo mkulima wa Hombolo atapata faida ya kungoja, na mtoto wa Kinyerezi atapata tunda lenyewe.

Na kama fedha yako leo haitoshi kununua zabibu nzuri, usisikitike. Mpe mwanao pera bivu la uani, au kipande cha papai. Hajakosa kitu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Taja matunda matatu yanayoweza kuiva baada ya kuchumwa, na matatu yasiyoweza.
2. Katika habari ya shamba la Hombolo, wewe ungeshika upande wa baba au wa mama? Toa sababu.
3. Kwa nini zabibu nyekundu si dawa ya upungufu wa damu? Ni vyakula gani vya hapa kwetu vinavyosaidia?
4. Leteni darasani chupa au pakiti tupu ya dawa ya mimea, iliyosafishwa. Someni pamoja: ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuvuna?